Shimo Lisilo na Kitu

Jumamosi, 1 Juni 2019

Mama mkwe anakuja. Si kututembelea. Kuhamia! Rosamund ameniambia asubuhi huku akipaka mkate wake siagi, kwa sauti ile ile anayotumia kusema kuna mawingu. Bi Enid ana miaka themanini na minne, goti la kushoto limegoma, na ngazi za nyumba yake hazipandiki tena. Nikauliza atalala wapi. Akasema chumba cha chini, kile chenye dirisha la bustanini. Chumba changu! Meza yangu, ramani zangu, mlango unaofungika kwa ndani. Nikaeleza kwa upole kwamba mwanamume anahitaji mahali pa kufikiri. Rosamund akaniuliza kufikiri nini.

Nilikuwa mtahini wa udereva kwa miaka thelathini na moja. Sijawahi kukosa mpango. Kufikia chai ya saa nne nilikuwa nao: kibanda cha mbao mwisho wa bustani. Madirisha mawili, jiko dogo, kiti kimoja. Kiti kimoja tu. Hapo ndipo siri ya mpango ilipo.

Kikwazo: bustani yetu inaishia kwenye ukingo wa lile chimbo la zamani la chaki, na chimbo linalindwa kisheria. Hakuna kujenga chochote ndani ya hatua ishirini kutoka ukingoni. Nimezipima. Hatua ya ishirini inaangukia katikati ya waridi za Rosamund. Nikamtajia waridi. Akanitazama tu. Sijamtajia tena.

Linalindwa kwa ajili ya nini? Ni shimo! Watu walichimba chaki, wakamaliza hamu, wakaondoka. Kibao cha getini kinasema "umuhimu wa kijiolojia". Nimeishi juu ya umuhimu huo miaka kumi na saba na sijauona.

Jumapili, 2 Juni

Leo ilikuwa siku ya Aubrey Tindall. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, huyu jirani yangu huvaa kofia pana, huning'iniza filimbi shingoni, na kuwashusha watu chimboni. Filimbi! Kwa wastaafu kumi na tisa na mbwa mmoja! Wanaegesha magari mbele ya geti langu, tena vibaya. Watatu kati yao ningewafelisha papo hapo.

Nikajibanza nyuma ya ua wa miti kupeleleza. Aubrey akaniona, akaita mbele ya wote, "Bwana Pardoe! Shuka, usiogope, haliumi!" Watu wakacheka. Nikashuka. Lengo lilikuwa ujasusi, basi.

Akawaeleza kwamba ukuta wote ule mweupe, mrefu kuliko mnara wa kanisa, ulikuwa matope ya chini ya bahari. Miaka milioni tisini. Kwamba ni maganda ya vijidudu vidogo mno, vikifa na kushuka, vikifa na kushuka. Nikacheka kimoyomoyo. Kisha nikaona ile mistari ya mawe meusi ya gumegume, imelala ukutani mmoja juu ya mwingine, imenyooka kama rafu za duka. Nani aliipanga? Nikashtuka nimeuliza kwa sauti. Aubrey akang'aa uso. Akanijibu kwa dakika kumi na moja.

Lakini hapa ndipo palipo dhahabu. Mama mmoja mwenye fimbo akauliza ni kipi hasa kilichofanya mahali hapa palindwe. Aubrey akainamisha kofia. Akasema kuna tabaka moja jembamba, majivu ya volkano yaliyoanguka baharini zama hizo, na chimbo hili ndilo lililokuwa na mfano wake bora. Wataalamu waliliona mara ya mwisho mwaka 1931. Kisha wachimbaji wakalifukia kwa kifusi. Yeye amelitafuta kwa miaka ishirini na sita.

Miaka ishirini na sita! Halipo! Wanalinda kitu ambacho hakipo!

Nimekula soseji tatu kwa furaha.

Jumatano, 5 Juni

Mpango: nitaithibitishia ofisi ya hifadhi kwamba chimbo halina kitu. Ulinzi utaondolewa. Kibanda kitasimama.

Nimeshuka na fomu niliyoichora mwenyewe, mfano wa zile za zamani kazini. Kosa dogo, kosa kubwa, kosa la hatari. Nikaanza upande wa mashariki. Vichaka: kosa dogo. Kopo la bia: kosa dogo. Ukuta: mweupe tu. Kosa kubwa.

Nilikuwa nimeazima kioo cha kukuzia cha Rosamund, kile cha kutungia uzi kwenye sindano, ili niandike kwa uhakika kwamba hakuna kitu. Nikakiweka juu ya chaki. Pakawa na kitu. Kipande cha ganda, chembamba, kina mistari kama kucha. Pembeni yake kingine. Nikalala kifudifudi ili nione vizuri. Kuna kitundu kidogo kwenye chaki, mviringo, kama cha msumari, kinaingia ndani kisha kinapinda kona. Nani alichimba? Alikuwa akienda wapi? Mbona alipinda? Pale palikuwa na nini cha kukwepa?

Nilipoinuka zilikuwa zimepita saa tatu. Mbele nilikuwa mweupe mtupu, kuanzia kidevu hadi magoti. Rosamund akauliza kama nimeanguka kwenye unga. Nikasema nilikuwa kazini. Akafuta vumbi begani kwangu, na nikawaza kwamba anafuta vijidudu milioni kadhaa vya baharini kwa kitambaa cha vyombo. Sikumwambia. Mambo ya Aubrey hayo.

Fomu nimeijaza: "Hakuna cha maana." Kile kitundu sikukiandika. Nitarudi kesho kukiangalia, kwa ajili ya uhakika tu.

Jumamosi, 8 Juni

Bi Enid amewasili na masanduku manne, redio na mto wa goti. Saa moja tu na chumba changu hakinijui tena. Ramani zangu ziko chini ya kitanda changu mwenyewe, zimekunjwa vibaya.

Kitu cha kwanza alichokitoa kwenye mkoba ni jiwe. Dogo, la duara, kama mkate uliopondeka, lina nyota ya miale mitano juu yake. Akaliweka dirishani. Nikauliza ni nini. Akasema ni taji la mchungaji, la kuzuia radi isipige nyumba. Nikamuuliza kama anaamini mambo hayo. Akasema, "Radi imewahi kunipiga?"

Akalipata wapi? Akaelekeza kidole dirishani, kwenye chimbo langu! Kumbe akiwa msichana wa miaka kumi na saba alikuwa karani wa mizani ya malori pale chini. Miaka minne! Miaka yote hii mimi ni mkwe wake na hajawahi kusema. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hakuna aliyemuuliza.

Anasema wachimbaji waliyaokota mataji hayo na kumletea, kila mmoja akitaka lake lisifiwe. Ni mnyama wa baharini, yule wa miiba, aliyegeuka jiwe. Nililigeuza mkononi kwa muda mrefu. Chini lina mdomo. Kitu hiki kilikula! Kilikula nini? Bi Enid akaninyang'anya, akasema litachoka.

Jumatatu, 10 Juni

Ushahidi wa mwisho. Chimboni kuchimba ni marufuku, na mimi si mhalifu. Lakini upande wangu, nyuma ya rundo la mboji, ardhi inateremka kidogo kabla ya ukingo. Hapo ni kwangu. Hoja yangu ni hii: kama tabaka la majivu halipo kwangu, hatua tatu kutoka ukutani, basi halipo popote. Ofisi yoyote yenye akili itakubali.

Nikachimba kuanzia kifungua kinywa. Mboji. Mizizi. Kiatu cha mtu. Chaki. Chaki. Jeki ya gari, ya zamani, nzuri. Chaki. Kwenye kina cha kiuno sepetu ikaacha kulia "krr" na kulia "pwaa". Udongo wa kijivu, mororo, wenye utelezi wa sabuni, mnene kama kiganja. Umelala kati ya chaki na chaki kama nyama kwenye mkate. Unanasa kwenye buti. Unanasa kwenye sepetu. Nikajaribu kuutupa ukanasa kwenye suruali.

Uchafu mtupu! Yaani hata chaki yenyewe si safi. Furaha iliyoje! Nikajaza chupa ya jemu kama kielelezo.

Bi Enid akaja na mkongojo wake kuniangalia, akakaa juu ya ndoo. Akaomba kidonge cha udongo ule. Akausugua kati ya vidole, akaunusa. Akasema wao waliuita siagi. Malori yakiteleza, ni siagi. Mtu akivunjika mguu, ni siagi. Msimamizi aliichukia, akaamuru ifukiwe yote. Kisha akaniambia, "Clement, usipeleke hiyo chupa popote kabla hujamuuliza Aubrey."

Nikamshukuru. Nikamwambia nina uzoefu na watu wanaojaribu kunishawishi nibadilishe uamuzi. Wengine walilia hadi kwenye usukani.

Akasema, "Wewe macho yako yalizoea kuangalia vioo vya magari tu."

Nimuulize Aubrey! Siku nyeusi hiyo haitafika.

Jumatano, 12 Juni

Nimeituma. Barua kurasa nne, ya heshima lakini isiyokwepeka. Nimeeleza kwamba nimelikagua chimbo kwa siku tano. Kwamba tabaka linalotajwa halipo, na mtaalamu wao wenyewe, Bwana Tindall, amekiri hadharani. Kwamba palipotarajiwa majivu ya volkano pana tope la kijivu lisilo na faida, chupa imeambatishwa. Nimependekeza ulinzi uondolewe kufikia Agosti. Mbao ni nafuu Agosti.

Karani wa posta akauliza kama ndani ya kifurushi kuna kitu cha thamani. Nikacheka hadi akaniangalia.

Ijumaa, 21 Juni

Simu! Mama wa ofisi ya hifadhi, Dakta Ffion Prosser, lafudhi ya Kiwelsi, anaongea haraka. Amepokea chupa. Aliuliza mara tatu kama niliijaza mimi kwa mkono wangu. Aliuliza kama shimo bado liko wazi. Akanisihi nisilifunike, nisiliguse, nisiruhusu mbwa alikaribie. Anakuja Jumanne mwenyewe, na wenzake wawili.

Watu watatu! Kuja kuondoa ulinzi! Sikutegemea wangeliona haraka hivi. Nimempigia muuza vibanda, nikamwambia kile chenye madirisha mawili.

Rosamund akauliza kwa nini napiga mluzi. Nikasema nitamweleza Jumanne. Bi Enid akasema, "Na mimi nitakuwepo. Sikosi hiyo."

Jumanne, 25 Juni

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Wamefika saa nne kamili. Dakta Prosser ni mdogo wa umbo, buti zake kubwa kuliko yeye. Hakunywa chai. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya mboji, akaruka ndani ya shimo langu, akapiga magoti. Nikamsogelea nimwoneshe ule uchafu. Akainua mkono niache kuongea. Kisha akasema, kwa sauti kama ya mtu aliye kanisani, "Lo. Lo, ndilo lenyewe."

Nikauliza lenyewe lipi.

Lilikuwa limepotea miaka themanini na minane, akasema. Mlima wa moto ulipasuka, hakuna anayejua wapi hasa, na majivu yake yakaanguka kwa wiki chache tu juu ya bahari iliyokuwa hapa. Hapa, kwenye mboji yangu. Ndani ya udongo ule kuna chembe ambazo ukizipima zinakuambia umri wake. Akanipa kioo chake nitazame. Nikatazama. Zinameta! Kitu kilichotoka kwenye moto, kikaruka angani, kikazama baharini, kikangoja muda wote huo, na mimi nilikuwa nimekipaka kwenye suruali. Nikauliza mlima ulikuwa mkubwa kiasi gani. Nikauliza samaki walifanya nini siku ile. Nikauliza na mengine, sikumbuki.

Mmoja wa wenzake alikuwa amekwenda kumwita Aubrey. Akaja mbio, bila kofia. Sikujua ana upara. Akasimama ukingoni mwa shimo na hakuweza kushuka. Dakta akamwekea bonge la udongo kiganjani. Aubrey akalia. Mwanamume mzima, ameshika tope, machozi hadi kidevuni! Nilipaswa kufurahi. Nikajikuta nimempa leso yangu.

Kisha akanigeukia, akasema kwa sauti iliyokatika, "Clement, uliwezaje kujua pa kuchimba?"

Nikajibu kwamba nilikuwa na hisia. Bi Enid, aliyekaa juu ya ndoo yake, akakohoa.

Ndipo likaja swali baya. Yule mwenzake wa pili, kijana wa ramani, akasema laini ya ulinzi inapita hapa hapa. Huenda shimo langu liko ndani yake. Kuchimba ndani bila kibali ni kosa, kuna mahakama. Mahakama! Mimi! Niliyefelisha watu kwa kugusa mstari mweupe!

Nikaapa kwamba shimo liko nje. Kwenye ardhi yangu, yangu kabisa. Dakta akasema kama ni hivyo, basi ofisi italazimika kuipanua laini, bustani iingie ndani. Nikasema nikifikiri vizuri huenda liko ndani kidogo. Kijana akafungua kitabu aandike kosa. Nikasema nje. Akasema, "Ndani au nje, bwana?" Nikamtazama Rosamund. Rosamund akatazama waridi.

Bi Enid ndiye aliyeinuka. Akatembea na mkongojo hadi kwenye mti wa mlozi mwitu, akachapa majani, na chuma kikalia. Nguzo ya zamani, imeliwa na kutu. Akasema mwaka 1953 msimamizi alimpa kopo la rangi akapake nguzo zote za mpaka, kwa kuwa siku ile malori hayakuja, na hii ilikuwa ya mwisho. Shimo liko nje. Hatua moja na nusu.

Nimeokoka. Bustani haijaokoka.

Jioni Aubrey alileta chupa ya mvinyo wa matunda aliotengeneza mwenyewe. Mbaya sana. Tulikunywa wote. Akanieleza kile kitundu kinachopinda kona: labda ni cha mnyama mfano wa kamba wa baharini, alikuwa akifuata chakula ndani ya matope. Kwa hiyo hakuwa akikwepa kitu. Alikuwa akifuata kitu! Nimelifikiria hilo hadi nikasahau kumchukia kwa dakika nzima.

Jumanne, 9 Julai

Barua rasmi. Ulinzi umepanuliwa: mboji, viazi, kamba ya nguo, waridi zote, mpaka hatua nne kutoka mlango wa jikoni. Rosamund amefurahi, kwa kuwa sasa hakuna anayeweza kuzigusa waridi isipokuwa kuzipogoa. Siwezi kuchomeka hata mwamvuli.

Jumapili iliyopita walikuja watu sitini na wawili. Sitini na wawili! Walipita bustanini kwangu kwa foleni. Bi Enid alikaa kwenye kiti kando ya shimo akiwasimulia habari za siagi, na Aubrey akampa filimbi. Ameipuliza kutwa. Mama mwenye fimbo alimwomba Bi Enid amgusishe lile taji, kisha akaniuliza kama mimi ndiye niliyeligundua tabaka. Nikasema ndiyo. Nikamweleza kuhusu volkano. Alisikiliza hadi mwisho na akauliza swali zuri sana nisilojua jibu lake. Nimeliandika. Nitamwuliza Dakta Prosser.

Lakini bado sina pa kukaa. Ninaandika haya ndani ya gari, limeegeshwa, breki ya mkono juu.

Jumamosi, 20 Julai

Nimepata akili sasa. Kosa langu lilikuwa moja tu: nyuma ya nyumba. Nyuma kuna jiolojia. Mbele hakuna jiolojia! Mbele kuna kijiwanja cha nyasi, kati ya dirisha la sebule na barabara, na Dakta Prosser mwenyewe amenithibitishia kwa maandishi kwamba hakimhusu. Kibanda kitaenea vizuri kabisa. Rosamund amekubali, mradi nisimsumbue tena.

Aubrey anasema ofisi ya ujenzi itachelewesha, huwa wanaogopa kuharibu vitu vya kale. Amenishauri nisichimbe kabla ya kuuliza. Nimemwambia namshinda kwa hilo: nimekwishawaandikia watu wa mambo ya kale, waje wao wenyewe wathibitishe kwamba pale hakuna kitu. Anakuja mtaalamu Jumatatu. Nitamfungulia geti kwa mikono miwili.

Na sikukaa bure. Leo nimekwishaondoa nyasi na kushuka kiasi cha goti, ili asipoteze muda. Hakuna kitu kabisa! Vigae tu, vidogo vidogo kama meno, vyekundu, vyeupe na bluu, nadhani ni sakafu ya bafu ya mwenye nyumba wa zamani. Vimepangwa vizuri ajabu. Kuna pomboo, na mwanamke mwenye majani kichwani, na maandishi ya lugha sijui gani, labda Kilatini. Mkia wa pomboo unaelekea chini ya sebule. Nimeng'oa vichache kwenye kona nimsafishie njia, na kesho nitaendelea.